Afande na Kaburi Lake

Kwa miaka mitano nilisafisha kidonda cha mtu ambaye kaburi lake nililipita kila asubuhi nikienda kazini. Lilikuwa upande wa kulia wa njia, ndani ya boma la mama yake, mashamba ya miwa yakiwa yamelizunguka boma pande zote, na juu ya kaburi palikuwa na mgomba. Mwenyewe nilimkuta amekwisha kufika zahanati, amekaa kwenye benchi, suruali imepigwa pasi, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. Akiniona ananipigia saluti. "Sista wa Mumias," ananiambia, "nimeripoti." Mwanzoni nilimwambia aache mzaha. Baadaye ikawa siku haijaanza kwangu mpaka niisikie sauti hiyo.

Sote tulimwita Afande. Jina alikuwa nalo, zuri tu, ila halikuwa lake tena, na mpaka leo sijazoea kulitaja. Nitaeleza kwanza jambo hilo, maana bila hilo hakuna atakayemwelewa mtu huyu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Afande alikuwa mwanajeshi, akapelekwa ng'ambo na wenzake kulinda amani katika nchi ambayo wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakichinjana. Lori lao likakanyaga bomu la kutegwa ardhini. Mwenzake aliyekuwa kwenye lori la nyuma aliona moto, akaona hakuna aliyetoka, na alipopata likizo akafunga safari mpaka huku Kabras kuwaambia wazazi yale aliyoyaona. Hakudanganya. Asichokiona ni kwamba Afande alirushwa mtaroni upande wa pili, akaokotwa na askari wa nchi nyingine, nguo zimeungua, karatasi zimeungua, akalazwa hospitali ya mbali ambako kwa miezi mingi hakujua hata yeye ni nani.

Nyumbani wakangoja mwaka mzima. Kwetu Mumias, sisi Waislamu, mtu akifia mbali tunamswalia hapo hapo tulipo, tunamwombea, basi. Huku kwao mtu haachwi akizurura nje bila kulala kwao. Mwili usipopatikana, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Wakalivisha shina shati lake, wakalilaza, wakalilia. Mama yake, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani bibi, alilia siku tatu mpaka koo likakatika, na sauti yake ya zamani haikurudi tena. Tangu hapo alizungumza kwa mkwaruzo, ukimsikiliza unatamani kumletea maji. Miezi michache baadaye mke wa mtoto wake mdogo akajifungua, na kwa desturi yao mtoto akapewa jina la marehemu.

Ila palifanyika kosa. Vijana waliotumwa kuleta mgomba walikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja, na badala ya kulikata shina wakaung'oa mgomba mzima na mizizi yake. Ukiufukia mgomba hivyo hujauzika, umeupanda. Baada ya mvua iliyofuata, pale kaburini, penye kifua, pakachomoza jani. Kukhu alilifurahia. Alisema ni mwanawe anawaambia kwamba amelala vizuri.

Halafu asubuhi moja, saa nne, jua limewaka, Afande akaja kwa mguu kutoka barabarani, na fimbo na begi la jeshi. Kukhu alikuwa uani akichambua maharage. Mdogo wake Afande ndiye aliyenisimulia. Anasema mama yao hakupiga kelele. Aliweka uteo chini polepole, akasimama, akasema, "Rudi kwenye tulikulaza. Tulikulaza vizuri, usitusumbue." Afande akasimama pale pale langoni, mguu mmoja nje, mwingine karibu kuingia, akaurudisha.

Wazee wa ukoo walikaa siku mbili. Walikubaliana kwamba huyu ni mtu, anatoa jasho, anakula chumvi. Lakini mtu ambaye kaburi lake bado limefungwa haingii katika boma lile. Lazima lifunguliwe, kondoo achinjwe, na kaburi lililofunguliwa lisifukiwe tupu, lipewe kitu cha mwenyewe, la sivyo litakuja kujitafutia. Na neno la kulifungua lazima litoke kwa yule aliyelilia, mama. Kukhu akasema hapana. Walimbembeleza, walimkemea, mchungaji wake akaja na Biblia. Hapana. Wazee wakasimama, wakapangusa suruali, wakaenda kwao. Afande akajijengea kibanda nje ya ua, kando ya miwa, hatua chache tu kutoka lile kaburi, na hapo akaishi miaka mitano akingoja kitu kimoja: mama yake amwite mwanangu, aingie nyumbani.

Basi huyo ndiye niliyekuwa nikimfunga bandeji.

Alikuwa mcheshi, tena mcheshi wa kukera. Alikuwa na tabia ya kuulizia mazishi yake. Mama wa watu ameketi kwenye benchi na mtoto ana homa, Afande anamsogelea. "Habari ya siku nyingi. Wewe ulikuja kunizika?" Mama anatazama chini. "Nilikuja, Afande." "Asante. Nani alilia kweli, na nani alikuwa anaangalia sufuria?" Alitaka kujua nyimbo zilizoimbwa, nani alitoa hotuba ndefu, ng'ombe gani alichinjwa. Watu walimdanganya kwa hofu, wakamwambia wote walilia sana. Naye alikuwa akilinganisha majibu. "Sista," aliniambia, "mwalimu mkuu anasema alilia. Watu wanne wanasema hakukuja." Alicheka mpaka mguu ukamuuma. Mimi nilicheka pia, kisha nikaona kwamba kwenye benchi tumebaki yeye na mimi.

Matangani hakukosa. Msiba ukitokea popote, kuanzia pale zahanati mpaka sokoni Matete, Afande yuko mstari wa mbele, koti limefungwa vifungo vyote. Wafiwa walimwogopa na bado walimpa kiti. Mara moja alimwambia mjane aliyekuwa anajitupa chini, "Mama, usiumie hivyo. Mimi hiyo kitu naijua. Haiumi vile munafikirianga." Mjane alinyamaza ghafla, akamtazama, akakaa. Sijui alimsaidia au alimtisha. Nilimgombeza njiani tukirudi, nikamwambia hana haki ya kuwasemea wafu. Akasema, "Sista, kama si mimi, nani?"

Hofu yake yeye ilikuwa mahali pengine. Nyoka alimshika kwa mkono. Ng'ombe dume aliyekata kamba alimwendea moja kwa moja. Lakini udongo uliolimwa upya hakuukanyaga hata ungempa nini. Njiani alitembea kwenye nyayo za watu, anaangalia unyayo, anaweka mguu ndani yake, anatafuta mwingine. Mvua ikinyesha na kufuta nyayo, alisimama kando ya njia mpaka mtu apite mbele. Asubuhi nyingi za matope nilimkuta amesimama hivyo peke yake, ametulia, miwa inapiga kelele kila upande na yeye hata haigeukii. Nikipita ananisalimu na kuanza kunifuata. Kusikia mtu anakanyaga kila ulipokanyaga, hasa hasa, wala si pembeni, ni jambo ambalo sikuwahi kulizoea. Niligeuka mara nyingi. Alikuwa ni yeye tu.

Na mtu huyo huyo asiyekanyaga shamba alikuwa na bustani ya sukuma wiki nzuri kuliko zote. Aliipalilia akiwa amelala kifudifudi juu ya ubao.

Kuhusu chakula, hapo ndipo Kukhu aliponishinda akili. Alimkana mchana kweupe mbele ya wazee, lakini kila siku saa saba aliweka sahani chini ya ua, imefunikwa: obusuma, yaani ugali, na mboga, na kukiwa na sherehe, kipande cha ingokho, kuku wao wa heshima. Akiulizwa husema ni ya mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa amelala pale akitazama, hagusi. Afande anakuja upande wake, anakula amesimama, haraka haraka kama jeshini, anaosha sahani, anairudisha pale pale. Miaka mitano, mtu na mama yake, ua katikati, hawakusemezana neno. Nilimuuliza kama hakasiriki. Alisema, "Wafu wa kwetu wanapewanga chakula hivyo. Lakini yeye anaweka chumvi. Wafu hawawekewi chumvi. Kwa hivyo ananijua." Akageuza uso.

Mgomba ulizaa. Mkungu mkubwa, ndizi fupi nene za kuiva, na hakuna mtu wala mtoto aliyethubutu kuzigusa. Zilipoanza kuwa za manjano Afande alimwita mdogo wake kutoka ng'ambo ya ua akamwambia, "Nipe vitu vyangu." Yule kijana akaukata mkungu huku amefumba macho, akaurusha nje, akakimbia. Afande akaja nao zahanati. Akakaa, akamenya, akala tatu, kisha akaanza kuwakaribisha watu. Unajua kilichotokea kwenye benchi. Mimi nilikula moja, kwa ukaidi kuliko njaa. Ilikuwa ndizi tu, tena tamu. Lakini nilipomaliza nilibaki nimeshika ganda mkononi, sijui niliweke wapi, na nikatembea nalo mpaka jioni kwenye mfuko wa yunifomu.

Watu walisema kidonda chake hufunguka kila mara mgomba ule unapotoa chipukizi. Niliwacheka. Mfupa ulikuwa na usaha ndani, vipande vya chuma vilikuwa bado vinatafuta njia ya kutokea, hilo ndilo nililojifunza chuoni. Kisha siku moja zahanati ikiwa tupu nilitoa kadi yake nikatazama tarehe, nikakumbuka siku ambazo Kukhu aliniita njiani kunionyesha majani mapya. Mvua huotesha migomba, na unyevu huchokoza mfupa mbovu. Maelezo hayo yananitosha. Ila niliirudisha kadi upesi nikaenda kukaa nje penye watu.

Jambo moja alinisimulia mara moja tu, nami sikumuuliza tena. Kule hospitali ya ng'ambo, alipokuwa hajui jina lake, alilala akitazama dari na kila mtu akimwita kwa lugha asiyoijua. "Mchana mmoja nikasikia mwanamke anaita jina. Anaita, anaita, sauti imekwaruza, inaisha. Nikageuka. Nikajua naitwa mimi." Nikamwambia alikuwa anamkumbuka mama yake, ni kawaida. Akatikisa kichwa. "Mama nilimwacha akiongoza nyimbo kanisani. Sauti yake ilikuwa ya kengele. Hiyo ya kukwaruza sikuwa naijua, Sista. Niliijua siku nimefika kwa lango, akafungua mdomo kunifukuza." Nilikuwa nimeshika koleo la pamba. Nililiweka chini nikanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Wallahi, niliogopa, na nilimhurumia mpaka nikashindwa kumtazama.

Kukhu naye alikuwa mgonjwa wangu, wa presha. Siku moja nikiwa nampima nilijitia ujasiri. Nikamwambia, "Kukhu, yule mtu unamjua. Kwa nini unamfanyia hivi?"

Alitazama mkono wake uliofungwa. Kisha akasema kwa ule mkwaruzo wake, "Sista, umeshazika mtoto?"

"Sijazika, Kukhu."

"Mimi nilimlilia nikamaliza. Yote. Haikubaki kitu. Sasa huyu ako na mguu inaoza, hata wewe unajua. Nikisema ni wangu, kesho akufe, nitamlilia na nini?" Akavuta mkono wake nikiwa bado nimefunga kitambaa cha kipimo. "Wacha yangu ilale. Yangu haiumwi."

Nilikasirika naye wiki nzima. Nilimwona mwoga. Sasa mimi mwenyewe ni mama, na sina tena hasira hiyo.

Mwaka wa tano mguu ulishindikana. Ulivimba mpaka gotini, homa haikushuka, naye akaanza kuniita kwa majina ya askari wenzake. Nilimpeleka mwenyewe Kakamega, hospitali kubwa. Daktari alimtazama akanivuta kando: ukatwe juu ya goti, na upesi, la sivyo atakufa. Afande akakataa. Alisema, "Nilirudi nyumbani mzima nikakataliwa. Nikienda nusu, si ndio basi?" Hakutia sahihi. Alifumba macho, mikono ameinyoosha pembeni, akalala kama anayetii amri, nami nikaona kwamba ameshakubali kwenda.

Nilirudi Kabras siku hiyo hiyo. Kukhu alikuwa kaburini anang'oa magugu, chini ya mgomba. Nilimwambia bila kupamba, maana hasira na uchovu vilikuwa vimenijaa.

"Mtoto wako anakufa, Kukhu. Mguu ukikatwa atapona, lakini amekataa. Anasema hana pa kurudi."

Hakuinua kichwa. Aling'oa jani moja, jingine. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitazamia.

"Wakikata, mguu wanapelekanga wapi?"

"Unachomwa, Kukhu. Na takataka za hospitali."

"Unachomwa," alisema. Akatazama pale alipopiga magoti, udongo wote ule alioupalilia miaka yote hiyo. Kisha akasimama, na kusimama kwake kulichukua muda, akaenda ndani. Alitoka amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Akamwambia mtoto wake mdogo, "Ita wazee. Leteni majembe. Tafuteni kondoo. Nikirudi nikute hiyo shimo iko wazi."

Hospitalini karani alituzuia mlangoni pa wodi. Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimepita. Akamuuliza Kukhu, "Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye nilimzaa," alisema Kukhu. "Mguu wake msiuchome. Ni wa kwetu. Utazikwa kwetu, na yeye atarudi kwake." Kisha akamsukuma karani kwa bega, akaingia wodini, akaita. Aliita jina lake, lile jina, yote mawili, la kuzaliwa na la baba, kwa sauti ile iliyokwaruza, na kuta zile za rangi ya maziwa zikalirudisha. Wagonjwa wote wakageuka. Mwisho kabisa, kitanda cha dirishani, Afande akafumbua macho, akageuza kichwa polepole. Nilisimama mlangoni, nikilia bila aibu.

Alitia sahihi mwenyewe. Mkono wa mama yake ulikuwa juu ya mkono wake.

Mguu ulizikwa kesho yake mchana, umefungwa katika shati la kijeshi, mahali ulipokuwa mgomba. Kondoo alichinjwa wiki tatu baadaye, siku aliyotoka hospitali. Sikuwapo. Nilikuwa nimepata uhamisho wa kwenda Khwisero, nikaenda kuwaaga siku chache baada ya hapo, mchana, mimi na mzigo wangu wa mananasi.

Nilimkuta ndani ya boma, ndani ya nyumba ya mama yake, mezani. Magongo ameyaegemeza ukutani. Alikuwa anakula ameketi, polepole, na Kukhu ameketi mbele yake, hali, anamtazama tu. Hatukuongea mengi. Aliniambia anajifunza kutembea upya na kwamba sasa nyayo za watu zinampa shida, kwa kuwa watu wote wana miguu miwili. Tukacheka. Kisha akaacha kula. Akainama kidogo kutazama chini ya meza, pale pasipokuwa na kitu.

"Sista," alisema, "ule mwingine unahisi baridi. Vidoleni. Kama umelowa."

Nilianza kumweleza. Hilo ni jambo la kawaida, nikasema, mtu akikatwa kiungo mishipa ya fahamu huendelea kukihisi, hupita yenyewe. Nilikuwa katikati ya maneno hayo nilipoona kiti cha Kukhu kiko wazi. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelilowesha kaburi na kulimomonyoa upande mmoja. Kupitia mlangoni tulimwona amepiga magoti na lile gauni zuri, anakusanya udongo mkavu kutoka chini ya ukingo wa paa kwa mikono miwili, anaupeleka, anauweka, anaushindilia kwa viganja, taratibu, anaenda kuleta mwingine.

Afande alikuwa amefumba macho. Sikuthubutu hata kusogeza kikombe.

"Hapo," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Halafu akaita kwa nguvu ili asikike nje, "Hapo sasa, Mama. Inatosha. Kumepata joto."